Bembe Hajui Misi

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa Darasa la Sita walitoka mbio kuelekea uwanjani. Tulinagwe naye alitoka mbio, ila yeye alielekea nyumbani. Si kwamba hakuupenda uwanja. Mpira wa pete aliupenda kuliko wali wa sikukuu. Tatizo lilikuwa Ambwene.

Ambwene alikuwa mdogo wake, mtoto wa miaka miwili, mwenye mashavu kama maandazi na uzito usiolingana kabisa na urefu wake. Huo ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga kule Bujonde. Baba alishinda kwenye shamba la kokoa upande wa pili wa kijiji, na mama, aliyeitwa Veronika, alikwenda shambani alfajiri pamoja na mtoto. Mchana, jua lilipokuwa kali, mama alimrudisha Ambwene nyumbani akamsubiri Tulinagwe atoke shule. Wakapokezana mtoto mlangoni, kisha mama akarudi kumalizia kazi. Ilikuwa hivyo kila siku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mpokee mwenzio. Chakula kimefunikwa mezani."

Tulinagwe alikula haraka haraka, akamfunga Ambwene mgongoni kwa kitenge, akaondoka naye hadi uwanjani. Hakwenda kucheza. Alikwenda kutazama. Alisimama pembeni akijitikisa polepole ili mtoto asilie, huku macho yake yakiufuata mpira mikononi mwa wenzake. Msimcheke. Kumtazama mwenzako akila embe wewe ukiwa umefungwa mikono ni kazi ngumu.

Siku moja rafiki yake Samira, binti wa mwenye duka pale sokoni, alimrushia mpira kwa utani. "Tuli, hebu funga hata moja, usije ukasahau goli lilipo."

Tulinagwe aliudaka, akalenga, akarusha. Mpira ukaingia kwenye pete bila hata kugusa chuma. Ambwene akapiga makofi mgongoni kwa dada yake kana kwamba amefunga yeye.

Mwalimu Kisa, aliyefundisha Sayansi na kusimamia michezo, alicheka mpaka akaishika filimbi isimdondoke. "Unafunga vizuri sana, Tulinagwe. Lakini timu ina wachezaji saba, na sina nafasi ya mchezaji wa mgongoni. Tutacheza na wenzetu wa Ndandalo hivi karibuni. Asiyefanya mazoezi simpangi, unalijua hilo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alirudi nyumbani. Mama alipoingia jioni, miguu ina tope na mgongo unauma, Tulinagwe alimtazama akaona hawezi kumwambia habari za mpira. Angeanzia wapi? Akabandika maji ya kuoga.

Wiki hiyo hiyo mambo yakabadilika. Bodaboda ilisimama mbele ya nyumba, na juu yake alikuwapo mjomba Ezekiel, mdogo wake mama, akiwa amekumbatia boksi kubwa utadhani kabeba mgonjwa. Mjomba Ezekiel alikuwa anasoma chuo Mbeya, mambo ya umeme na kompyuta. Kila alipokuja alileta kitu: mara redio iliyokarabatiwa, mara taa inayowaka ukipiga makofi. Safari hii alifungua boksi akatoa kitu cha ukubwa wa ndoo, chenye magurudumu, na mbele yake kishikwambi kilichoonyesha uso unaotabasamu.

"Huyu anaitwa Bembe," alisema mjomba. "Ni roboti ya kulea watoto. Tumeitengeneza mimi na wenzangu chuoni. Tunataka kuijaribu kwenye nyumba yenye mtoto kweli, na mtoto kweli ninayemfahamu ni Ambwene."

Mama akaiangalia kwa mashaka. "Ezekiel, mdogo wangu, hiyo ndoo ndiyo ilee mtoto wangu?"

"Dada, subiri uone kwanza."

Na kweli waliona. Mjomba alisema, "Biskuti," mlango mdogo tumboni mwa Bembe ukafunguka na biskuti ikateleza nje. Akasema, "Maji," mlango wa pili ukafunguka, kikombe chenye mfuniko na mrija kikasogezwa mbele. Akajifanya analia, Bembe akaimba wimbo wa kubembeleza kwa sauti nyororo. Akarukaruka, Bembe akasema, "Naona unapenda kucheza. Tucheze wote," ngoma ikaanza kulia. Ambwene alikuwa ameacha mdomo wazi. Baada ya muda mfupi alikuwa ameikumbatia ile ndoo na kuiwekea shavu lake kwenye kioo.

Moyoni, Tulinagwe alikuwa tayari yuko uwanjani. Akiwapo Bembe, nani tena atahitaji mgongo wake?

"Utuachie kwa muda," mama alisema hatimaye. "Lakini, Tulinagwe, usiende mbali. Kaa hapa hapa nyumbani mpaka tuone mwenendo wake."

Siku za mwanzo zilikuwa sikukuu tupu. Ambwene alicheza na Bembe kibarazani, na Tulinagwe alikuwa nyuma ya nyumba na mpira wa kuazima. Alikuwa amefunga ringi ya baiskeli kuukuu kwenye mchikichi, akawa anarusha mpaka mikono inauma. Alifurahi sana. Hakuna wa kumlilia, hakuna wa kumvuta nywele, hakuna wa kumkojolea mgongoni.

Halafu ikaja siku ya joto kali, lile joto la Kyela la kukufanya uhisi nguo zako zimefuliwa nawe ukiwa ndani. Tulinagwe alikuwa anarusha mpira, akasikia Bembe anaimba. Akamaliza wimbo, akauanza tena. Akamaliza, akauanza tena. Tulinagwe akashangaa, akazunguka nyumba kwenda kuangalia.

Ambwene alikuwa amesimama mbele ya Bembe, uso umelowa jasho, midomo imekauka.

"Misi," alisema.

"Sijaelewa, rafiki yangu," Bembe akajibu kwa upole. "Tuimbe?" Akaimba.

"Misi!" Ambwene akaipiga ile ndoo kofi la kichwa.

"Sijaelewa, rafiki yangu. Tuimbe?"

Mnajua, nyumbani kwao Tulinagwe, kama nyumba nyingi za huko, watu wakiwa wenyewe huongea Kinyakyusa. Kiswahili mtoto hukikuta barabarani na shuleni. Kwa Kinyakyusa maji ni amisi, na mdomo wa mtoto wa miaka miwili hauna muda na ile "a" ya mwanzo. Basi Ambwene alikuwa anaomba maji kwa lugha ya mama yake, na maji yalikuwa pale pale tumboni mwa Bembe, lakini Bembe hakuwa na neno hilo. Alijua kuimba tu.

Tulinagwe alianza kucheka. Kisha akaona jinsi midomo ya mdogo wake ilivyokauka, na kicheko kikamkatika. Alikuwa ameomba kwa muda gani? Alikimbia mtungini, akachota, akamnywesha. Mtoto alikunywa kwa pupa, macho yake makubwa yakimtazama dada yake juu ya kikombe. Tulinagwe aliona huruma, na aliona aibu.

Jioni mama akauliza, "Vipi, Bembe leo kamtunza mwenzio?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini aliufikiria uwanja, akaifikiria timu, akafikiria boksi la mjomba likirudi Mbeya.

"Vizuri tu, Mama," alijibu, akainama kuchochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Kisa alitangaza mdahalo. Wazazi wangekuja shuleni Ijumaa ya wiki inayofuata kwa kikao, na baada ya kikao wangesikiliza watoto wao wakibishana. Mada ilikuwa hii: roboti zinafaa kulea watoto wadogo badala ya binadamu. Habari za Bembe zilikuwa zimeshafika shuleni, maana Samira akijua jambo soko zima limelijua.

"Tulinagwe utaongoza watetezi," Mwalimu alisema. "Samira, wewe wapingaji. Na Bembe aje, tumwone akifanya kazi mbele za watu."

Tulinagwe alipomweleza mama, mama alifikiri kwa muda huku akipepeta mchele. "Sawa," alisema. "Nitakuja nitazame. Nikiona mtoto ametulia na Bembe mpaka mdahalo unaisha, bila wewe kuinuka kumshika, basi jioni zako zitakuwa huru. Uende utakako."

Jioni zake zitakuwa huru. Tulinagwe alilala na maneno hayo na kuamka nayo. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: Ambwene ajifunze kusema maji.

Alimkalisha kibarazani. "Sema maji."

"Misi."

"Ma."

"Ma."

"Ji."

"Ji."

"Vizuri sana. Haya sasa, maji."

"Misi," alisema Ambwene kwa furaha kubwa, akajipigia makofi.

Walirudia siku hiyo, wakarudia kesho yake, wakarudia na kesho kutwa. Ambwene aliufurahia sana mchezo huo, lakini neno lake likabaki misi. Tulinagwe angeweza kumpigia mjomba simu akamwambia, "Mjomba, Bembe hajui neno hili," na mambo yangeishia hapo. Lakini angempigia, mjomba angemwambia mama, na mama angejua kwamba mtoto wake alishinda na kiu huku dada yake akirusha mpira. Ukishasema uongo mmoja, wa pili unakuja wenyewe kama mgeni aliyezoea njia. Ijumaa asubuhi Tulinagwe akapata wazo aliloliona zuri kupita kiasi. Mtoto aliyeshiba maji hawezi kuomba maji.

Basi mchana, kabla ya kurudi shuleni kwa mdahalo, alimnywesha. Alimpa kikombe, akampa kingine. Akampa uji mwepesi. Akampa tikiti maji, kipande baada ya kipande, mpaka tumbo la mtoto likawa gumu na la kung'aa. Ambwene hakulalamika. Aliona dunia imekuwa nzuri ghafla.

Darasa kubwa lilikuwa limejaa. Kina mama walikaa mbele na vitenge vyao vya kutokea, kina baba nyuma, wanafunzi madirishani. Mjomba Ezekiel alikuwa ameshuka kutoka Mbeya kwa ajili ya siku hiyo, na alikuwa hawezi kutulia kitini. Mama alikaa mstari wa mbele kabisa.

Tulinagwe alifungua. "Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu. Roboti haichoki. Roboti haimfinyi mtoto kwa hasira. Haiendi kupiga soga kwa jirani ikamsahau mtoto jikoni." Watu wakacheka, baadhi yao wakiangaliana. Kisha sauti yake ikabadilika kidogo, maana yaliyofuata hakuyasoma mahali. "Na tena, kuna dada ambao jioni zao zote ziko mgongoni. Wenzao wanacheza, wao wanatazama. Si kwamba hawawapendi wadogo zao. Wanawapenda. Lakini na wao ni watoto."

Mama aliinamisha macho, akawa anakunjakunja pindo la kitenge chake.

Samira aliinuka kwa upande wa pili. Aliweka kiganja kiunoni kama mama yake akiwa dukani. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ninauliza maswali tu. Mtoto akishikwa na homa, Bembe atamgusa paji la uso ajue? Mtoto akitoka kula udongo, Bembe atamnusa mdomo? Na mtoto atajifunza kuongea na nani, na mashine inayoimba wimbo ule ule? Mtoto anajifunza utu kwa watu." Akakaa, akapigiwa makofi mengi.

"Sasa tumwone Bembe," alisema Mwalimu Kisa.

Mkeka ulitandikwa mbele. Ambwene akawekwa hapo, Bembe mbele yake, na Tulinagwe akarudi kukaa kwenye benchi la watetezi, mikono ameibana katikati ya magoti. Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Ambwene alisema, "Bikuti," Bembe akaelewa, biskuti ikateleza, darasa zima likashangilia. Bembe akasimulia hadithi ya sungura na mtoto akaisikiliza akitafuna. Mjomba Ezekiel alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Tulinagwe alimtazama mama, akaona mama naye anatabasamu. Ilibaki kidogo tu.

Halafu Ambwene akasimama.

Akainua mguu mmoja, akaushusha. Akainua mwingine, akaushusha. Akabana magoti, akazunguka, akaanza tena.

"Naona unapenda kucheza," alisema Bembe kwa furaha. "Tucheze wote." Ngoma ikalia.

Wanafunzi madirishani wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Ambwene akazidisha. Akachuchumaa, akainuka, akajishika kaptura kwa mikono miwili, akaruka. "Hongera, unacheza vizuri," Bembe akamsifu, akaongeza sauti ya ngoma. Wanafunzi wakapiga makofi kwa nguvu zaidi.

Lakini kina mama wa mstari wa mbele waliacha kupiga makofi, mmoja mmoja. Waliangaliana. Wengine waliziba midomo kwa vitenge, mabega yakitikisika. Hakuna mtu aliyewahi kulea mtoto asiyeujua mchezo ule. Wala haukuwa mchezo.

Tulinagwe naye aliujua. Aliujua tangu mguu wa kwanza. Alimtazama mama. Mama alikuwa anamtazama yeye, anasubiri. Mwalimu Kisa aliangalia saa yake na kushika kengele ya kufunga mdahalo. Kama Ambwene angevumilia kidogo tu, kengele ingelia, na jioni zote za Tulinagwe zingekuwa zake.

Ambwene aligeuza kichwa. Hakumtazama Bembe tena. Alipitisha macho kwenye nyuso zile zote, mpaka akampata dada yake. Hakulia wala hakusema neno. Alimtazama tu, kama mtu anayejua kwamba sasa mambo yatakuwa sawa.

Tulinagwe alilisukuma benchi. Aliruka mkeka, akamnyakua mtoto, akapita katikati ya wazazi akisema samahani, samahani, shikamooni, samahani, akatoka mlangoni mpaka nyuma ya darasa kwenye ukoka. Walifika kwa wakati, au tuseme karibu na wakati. Sehemu kubwa iliishia kwenye nyasi. Iliyobaki iliishia kwenye sketi yake safi ya mdahalo. Na yale hayakuwa maji kidogo, ninyi wenyewe mnajua alivyomnywesha.

Ndani ya darasa, Bembe alikuwa peke yake mkekani. "Rafiki yangu, uko wapi?" aliuliza kwa upole. "Sijaelewa. Tuimbe?" Na akaimba. Hapo watu wakashindwa kabisa. Kina mama walilaliana mabegani. Kina baba wakafuta machozi. Mjomba Ezekiel alikuwa ameficha uso kwa mikono, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, mpaka alipoinua kichwa.

Tulinagwe aliporudi, sketi imelowa na mtoto amembeba kiunoni, kicheko kilianza upya. Hata yeye alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Watetezi wana neno la mwisho?" aliuliza Mwalimu Kisa akijaribu kukaza uso.

Tulinagwe alimgeukia Mwalimu. Angeweza kusema hana. "Ninalo, Mwalimu. Bembe hana kosa. Ambwene akitaka maji anasema misi, na Bembe hajui misi. Nililijua jambo hilo tangu wiki iliyopita, siku aliyokaa na kiu wakati mimi nacheza nyuma ya nyumba. Mama aliniuliza nikamwambia kila kitu kiko sawa. Leo, ili asiombe maji hapa mbele yenu, nikamjaza maji nyumbani. Nisamehe, Mama. Na Mjomba."

Kisha mtu mmoja nyuma akarudia taratibu, "Kamjaza maji," na darasa likalipuka tena.

Bila shaka wapingaji walishinda. Samira alikuja kumpa mkono, akasita, akaitazama ile sketi. "Nitakukumbatia kesho," alisema. Wakacheka wote wawili.

Mjomba Ezekiel alipiga magoti karibu na Bembe na kuchomoa simu yake. "Mpwa wangu, kosa ni letu sote wawili," alimwambia Tulinagwe. "Mimi mwenyewe nimelelewa kwa neno hilo hilo. Tulipokuwa tunamfundisha Bembe, tuliwarekodi watoto wa mjini tu, nikajisahau kabisa. Turekebishe sasa hivi. Ambwene, njoo. Ukitaka kunywa unasemaje?"

Ambwene aliitazama simu, akamtazama mjomba, akavuta pumzi. "Maji," alisema wazi kama mwalimu wa Kiswahili.

Tulinagwe aliketi chini palepale.

Watu walipokuwa wanatawanyika, mama alibaki akizungumza na Mwalimu Kisa na baadhi ya kina mama waliokuwa wanavuna pamoja naye. Walizungumza muda mrefu, wakionyeshana kwa vidole, mara huku mara kule. Tulinagwe alisubiri chini ya ukuta huku mtoto akisinzia begani mwake. Akamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama. Alikuwa na uhakika kwamba jioni zake zimekwisha. Amepoteza mdahalo, amepoteza timu, na bado hajasikia mama atasema nini.

Waliondoka pamoja kwa miguu, wakaifuata njia ya katikati ya mashamba. Mpunga uliokatwa ulikuwa umelazwa pande zote mbili, na watu waliokuwa wanapura waliwasalimia kutoka mbali. Walipolipita shamba la kwanza, mama alimgeukia.

"Kule mbele ulisema kuna dada ambao jioni zao ziko mgongoni," alianza. "Kabla ya leo, hilo ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, Mama."

"Hata mimi?"

"Ulikuwa unarudi umechoka. Niliona huruma."

Mama alitikisa kichwa. "Nilichoka, ndiyo, lakini masikio hayakuchoka. Ungeniambia tangu mwanzo, tungetafuta njia. Na siku ile ya kiu ungeniambia ukweli, nisingekula nyama yako. Ezekiel angelirekebisha lile jambo siku hiyo hiyo. Ulipoficha kasoro ya Bembe, ulimwacha mdogo wako na kiu, na wewe mwenyewe ukabaki na shida yako bila mtu wa kukusaidia. Uongo ulikusaidia nini?"

"Haukunisaidia kitu. Uliniloweshea sketi."

Mama alitaka kubaki mkali, lakini alishindwa. Alicheka, na Tulinagwe akacheka naye.

"Nimeongea na wenzangu," mama aliendelea. "Sote tuna watoto, na sote tunahangaika kila mtu kivyake. Kuanzia Jumatatu tutashika zamu. Kila siku mama mmoja haendi kuvuna, anabaki na watoto wote nyumbani kwake mpaka jioni. Bembe naye ataenda huko, aimbe, asimulie hadithi, agawe biskuti. Kwa hizo kazi namkubali sana. Lakini mtu atakaa karibu naye."

"Kwa hiyo hujamkataa?"

"Nimkatae kwa nini? Leo amefanya yote aliyofundishwa, hakukosea hata moja. Ameona mtoto anaruka, akapiga ngoma. Wewe umeona mtoto yule yule anaruka, ukaacha kila ulichokuwa unakitaka ukakimbia. Nilikuwa nakutazama, mwanangu. Nilitaka kuona utafanya nini." Mama alishusha sauti, "Ndaga fijo. Asante sana. Mtoto anaweza kuburudishwa na mashine, na ni vizuri. Ila kulea ni kumjua mtu hata asiposema, na kujali ukishajua. Hiyo ni kazi yetu, mimi na wewe na baba yako, na tutasaidiana. Haitakuwa yako peke yako tena."

Tulinagwe alitabasamu. Mgongoni, Ambwene alikuwa amelala fofofo, shavu lake la jasho limegandana na shingo ya dada yake.

Mama alisimama, akanyoosha mikono. "Nipe mtoto nimbebe. Umeshinda naye, utachoka."

Tulinagwe alikaza fundo la kitenge. "Acha tu, Mama. Amelala. Nitafika naye."

"Basi mshike vizuri," alisema mama wakianza tena kutembea, "na Jumatatu usichelewe mazoezini."